TUPANGE NYUMBA VIZURI: MBABULA IKAE NJE

Baba na mama, tukitaka kutengeneza nyumba tunafikiri kwanza pazia na viti vipya. Ni vizuri. Lakini tuanze na moto na hewa.

Hapa Likasi, toka Panda mpaka Kikula, usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 ni wa baridi. Mtu anaingiza mbabula chumbani, anafunga dirisha, analala. Makala mekundu, hata bila moshi, yanatoa gesi ya monoksidi ya kaboni. Haionekani, haina harufu. Inaingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa safi. Kichwa kinauma, mtu anasikia kizunguzungu na kutapika, halafu anazimia. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka.

Basi, tupange hivi:

1. Mbabula ikae nje, chini ya paa lisilo na kuta. Isirudi ndani kabla makala hayajazimika kabisa.

2. Kabati lisizibe dirisha. Sogeza kitanda pembeni, upepo upite bila kumpiga mtoto.

3. Nguo na viatu vya kazi vipate mahali pao karibu na mlango. Vumbi la kazini lisifike kitandani. Nguo hizo zifuliwe peke yake.

Ukimkuta mtu amezimia chumbani, fungua mlango na madirisha, mtoe nje, mpeleke hospitali mbio.

Baridi ikizidi, ongeza blanketi. Blanketi haliui mtu.