Motokaa ya Umeme na Jamaa ya Lulimba

Jamaa iliyoweka akiba miaka mingi ili inunue motokaa, yafaa ijiulize kwanza: itakula nini, itapita wapi, na ikiugua itatibiwa na nani?

Tuitazame BYD Atto 3 ya kutoka China, iliyoingia nchi jirani ya Rwanda mwaka 2023. Huchukua watu watano, hainywi petroli, wala haidai mafuta ya injini. Betri yake ya kilowati-saa 60 ikijaa, yaweza kwenda kilomita 420 kwa kipimo cha maabara. Sifa hizo hatuzikatai.

Lakini tufanye hesabu ya Lulimba. Bamba la jua la wati 100, likipata jua kali saa 5 kwa siku, hutoa nusu kilowati-saa. Kuijaza betri ile kutachukua siku 120! Tena tumbo la gari liko sentimita 17.5 tu juu ya ardhi, na huvutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Njia ya udongo iendayo Fizi na Baraka, wakati wa mvua, yataka zaidi. Na betri ikiharibika, yamhitaji fundi aliyefunzwa kazi hiyo.

Kwa hiyo twasema: mwenye nyumba Kigali, penye umeme na lami, aweza kuinunua kwa moyo mtulivu. Baba na mama wa Lulimba wangoje. Akiba yao ianze na taa ya jua ya watoto wasomao usiku. Motokaa ifuate, njia na umeme vikiisha kuitangulia.