Je, Wajua? Sanamu ya Askari Huwakumbuka Pia Wapagazi

Je, wajua kwamba Sanamu ya Askari, katikati ya Dar es Salaam, inawakumbuka pia watu ambao haiwaonyeshi? Ilizinduliwa mwaka 1927, na juu yake yuko askari mmoja wa shaba, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Lakini katika Vita Kuu ya Kwanza, Waafrika wengi waliokufa upande wa Waingereza katika Afrika Mashariki hawakuwa wapiganaji. Walikuwa wapagazi: makadirio ya wanahistoria kuhusu vifo vyao hupita 90,000, na wengi zaidi waliuawa na maradhi, njaa na uchovu kuliko risasi.

Wapo wasemao sanamu hii ni ya mkoloni, basi ing'olewe. Ni kweli mkoloni ndiye aliyeisimamisha, na wengi wa wapagazi hao walichukuliwa kwa nguvu. Ila marehemu ni wetu, na maandishi ya Kiswahili kwenye msingi wake, kwa hati za Kiarabu na za Kilatini, yanawataja. Kuiondoa ni kuwazika mara ya pili. Ukipita hapo, usiishie kupiga picha, soma maandishi hayo. Kisha fika mtaa wa Kariakoo: jina hilo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao.