Dakika Zilizo Mkononi mwa Mtu Mmoja

Tarehe 12 Januari 2022, katika mji wa Limbe kwenye pwani ya Kamerun, Mali ilikuwa mbele kwa bao 1-0 dhidi ya Tunisia katika Kombe la Mataifa ya Afrika pale mwamuzi Janny Sikazwe wa Zambia alipopuliza kipyenga cha mwisho. Ilikuwa dakika ya 85. Benchi la Tunisia likaruka, wachezaji wakamzonga, na baada ya muda mfupi mpira ukaendelea. Punde akamtoa El Bilal Touré wa Mali kwa kadi nyekundu, kisha, sekunde chache kabla ya dakika ya 90 kutimia, akapuliza tena. Mechi ile ilikuwa na penalti mbili, ukaguzi wa VAR na mapumziko ya kunywa maji. Kwa hesabu yoyote ilistahili nyongeza ya dakika kadhaa. Haikuongezwa hata moja. Baadaye waandaaji waliamua muda uliobaki uchezwe chini ya mwamuzi wa akiba. Mali wakarudi uwanjani, Tunisia wakagoma kutoka vyumbani, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikayaacha matokeo yabaki 1-0.

Watu walimcheka Sikazwe kwa siku nyingi, na hawakumtendea haki. Huyu ndiye aliyechezesha fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2017, akachezesha pia Kombe la Dunia la 2018. Hakuwa mtu asiyejua kusoma saa. Mechi ilianza saa nane mchana, joto likiwa limepita nyuzi 30 na hewa ya bahari imejaa unyevu. Baadaye alieleza kwamba joto lilimzidi nguvu: maji aliyokunywa hayakumsaidia kitu, na vifaa vya mawasiliano alivyovaa vilimchoma hadi akatamani kuvitupa. Akaanza kuchanganyikiwa. Alisikia kama sauti inamwambia mechi imekwisha, na hata alipokaa akatafakari hakuweza kujua ni nani aliyesema. Alikiri kwamba pengine alikuwa akijisemea mwenyewe.

Maelezo hayo yanafungua jambo ambalo mashabiki wengi hatulifikirii. Katika soka, saa yenye mamlaka ni moja tu, nayo imefungwa kwenye mkono wa mtu anayekimbia kilomita kumi au zaidi kwa mechi. Sheria ya 5 inamkabidhi mwamuzi wa kati kazi ya kutunza muda. Washika vibendera wana saa zao, mwamuzi wa akiba ana yake, televisheni ina yake, lakini zote hizo ni za kumshauri tu. Muda wa mechi huanzia kwake na kwenda kwa wengine kwa njia ya ujumbe: kwa sauti, kwa vidole, kwa kibao, kwa kipyenga. Na ujumbe unaweza kupotea njiani, au kuharibika kabla hata haujatoka kwa mwenyewe.

Chukua joto lenyewe. Mapema miaka ya 1930 mwanafiziolojia wa Marekani, Hudson Hoagland, alikuwa akimuuguza mke wake aliyeshikwa na homa kali. Alitoka kwa muda mfupi kwenda kununua dawa. Aliporudi mkewe akalalamika kwamba amekawia mno. Hoagland akamwomba ahesabu hadi 60, kila namba ikiwa sekunde moja kwa makadirio yake, huku yeye akiangalia saa. Akarudia zoezi hilo homa ikipanda na kushuka. Joto la mwili lilipopita nyuzi 39, mama yule alimaliza kuhesabu 60 kabla sekunde 40 hazijaisha. Hoagland alichapisha matokeo hayo mwaka 1933, akapendekeza kwamba mwilini kuna saa ya kikemia ambayo, kama mmenyuko wowote wa kikemia, huenda kasi inapopashwa joto. Wanasaikolojia wa Uingereza waliochambua upya majaribio ya namna hiyo mwaka 1995 waliona mwelekeo uleule: mwili ukipata joto, mtu hudhani muda mwingi umepita kuliko uliopita kweli.

Hilo peke yake halielezi yote yaliyotokea Limbe, kwani ubongo uliozidiwa na joto hupoteza mambo mengi kwa mpigo: umakini, kumbukumbu, uwezo wa kutofautisha sauti ya mwenzako na mawazo yako. Lakini kosa la Sikazwe lilielekea upande uleule wa mgonjwa wa Hoagland. Mara zote mbili alimaliza mapema.

Saa ya mkononi yenyewe haina lawama. Ndani yake kuna kijipande cha madini ya kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Saketi ndogo huigawa namba hiyo kwa mbili mara 15, na kinachobaki ni mdundo mmoja kwa sekunde. Ndani ya dakika 90 saa ya aina hiyo, hata ya bei ya chini, haikosei kiasi ambacho mchezaji yeyote angekihisi. Waamuzi wengi huvaa mbili: moja inakwenda bila kusimama, nyingine husimamishwa kila mpira unapokatika kwa majeruhi au mabadiliko. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo malighafi ya dakika za nyongeza.

Malighafi hiyo ilikuwa siri kwa muda mrefu. Husimuliwa kwamba nyongeza ilipata sababu ya kuwapo mwaka 1891, katika mechi ya Stoke na Aston Villa. Stoke walikuwa nyuma kwa bao moja, wakapata penalti dakika mbili kabla ya mwisho, na kipa wa Villa akaubutua mpira nje ya uwanja. Hadi ulipopatikana, muda ulikuwa umekwisha. Leo sheria inasema penalti iliyokwisha kutolewa lazima ipigwe hata kama dakika zimemalizika. Ila kwa vipande vingine vyote vya muda mwamuzi aliachiwa kujua peke yake, na kwa karibu miaka mia moja hakutakiwa kumwambia mtu.

Siri hiyo iliumiza watu. Tarehe 3 Juni 1978, kule Mar del Plata nchini Argentina, Brazil na Sweden walikuwa wamefungana 1-1 katika Kombe la Dunia. Brazil wakapiga kona ya mwisho, Zico akaunganisha kwa kichwa, nyavu zikatikisika. Mwamuzi Clive Thomas wa Wales alikuwa amekwisha kupuliza kipyenga mpira ukiwa hewani. Kisheria alikuwa na haki kabisa. Lakini kati ya watu wote waliokuwa pale, yeye tu ndiye aliyejua kwamba zimebaki sekunde mbili tatu, na binafsi naona lawama zaidi inaustahili mfumo uliomruhusu kukaa na habari hiyo mfukoni.

Mwamuzi wa akiba alitambuliwa rasmi na wenye sheria mwaka 1991, na kwenye Kombe la Dunia la Ufaransa mwaka 1998 dunia ikaona kibao cha umeme kikinyanyuliwa kando ya mstari chenye namba ya dakika za nyongeza. Mwaka 2006 kule Ujerumani waamuzi wakawa wanazungumza kupitia vipokea sauti vya masikioni. Kabla ya hapo mwamuzi wa kati aligeukia benchi na kuonesha vidole, akitumaini mwenzake anatazama. Sasa anasema "tatu" kwenye maikrofoni, mwamuzi wa akiba anaibonyeza namba, kibao kinapanda, na uwanja mzima unajua tumeingia dakika za lala salama.

Unajua, lakini nusunusu. Namba ya kibaoni ni kima cha chini. Sheria ya 7 inamruhusu mwamuzi kuiongeza endapo kitu kingine kitatokea, na inamkataza kuipunguza. Shabiki anayepiga mluzi dakika ya tatu inapotimia huwa ameisoma namba hiyo kama kikomo, na ugomvi mwingi wa jukwaani unaanzia hapo.

Kisha kuna kishindo cha jukwaa. Watafiti watatu wa uchumi, Luis Garicano, Ignacio Palacios-Huerta na Canice Prendergast, walichunguza ligi ya Hispania ya misimu ya 1994/95 na 1998/99, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Wenyeji walipokuwa nyuma kwa bao moja, waamuzi waliongeza karibu maradufu ya muda waliouongeza wenyeji walipokuwa mbele kwa bao moja. Mechi ambazo mshindi alikwisha kujulikana hazikuwa na tofauti hiyo. Hakuna aliyedai kwamba wamehongwa. Ni watu waliozungukwa na sauti za makumi ya maelfu, wanakadiria kitu ambacho hakina kipimo wazi, na makadirio yao yanavutwa upande ambao kelele inatoka. Kwangu huu ndio utafiti wenye uzito kuliko yote juu ya muda wa soka, kwa sababu unaonesha kwamba ujumbe hausafiri upande mmoja tu. Mwamuzi anawapa watu dakika, na watu nao wanamrudishia.

Dawa mojawapo ni kuhesabu badala ya kukadiria. Hilo ndilo lililofanyika kwenye Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022, pale Pierluigi Collina, mkuu wa waamuzi wa FIFA, alipotangaza kwamba muda uliopotea kwenye mabao, majeruhi, kadi na VAR ungehesabiwa sawasawa. Tarehe 21 Novemba, England dhidi ya Iran, kibao kilionesha 14 kipindi cha kwanza baada ya kipa Alireza Beiranvand kuumia kichwa, na 10 kipindi cha pili. Kwa jumla zilichezwa zaidi ya dakika 27 za ziada. Watangazaji walishangaa, ingawa muda ule siku zote ulikuwapo. Katika ligi nyingi kubwa mpira huwa mchezoni kati ya dakika 50 na 60 tu katika zile 90.

Kinachonishangaza ni jinsi lugha ya mwili ya mwamuzi ilivyo maskini katika jambo hili. Ana ishara ya faulo, ya faida, ya mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja. Hana ishara rasmi ya kusema "hapa nimesimamisha muda". Kugusa saa ya mkononi huku akimtazama kipa anayejikokota ni mazoea tu. Katika mpira wa miguu wa Kimarekani waamuzi huvuka mikono juu ya kichwa kusimamisha saa, na huzungusha mkono mmoja kuianzisha, na saa yenyewe inaonekana na kila mtu. Kwenye viwanja visivyo na vifaa vya masikioni waamuzi wetu wameziba pengo hilo wenyewe: katika kikao cha kabla ya mechi wanakubaliana kwamba mshika kibendera ataonesha kwa vidole dakika zilizobaki, na muda ukitimia atakunja ngumi na kuiweka kwenye bukta. Hakuna betri inayoisha hapo.

Mlango umeanza kufunguka. Tangu msimu wa 2025/26, kipa anayeshika mpira kwa zaidi ya sekunde 8 anaadhibiwa kwa kona, na mwamuzi anatakiwa kuinua mkono na kuhesabu kwa vidole sekunde 5 za mwisho. Kanuni ya zamani ya sekunde 6 ilikuwa haitekelezwi karibu popote, kwa kuwa adhabu yake ilikuwa nzito na hesabu yake ilikuwa kichwani mwa mwamuzi. Sasa kipa anaiona hesabu, mpinzani anaiona, jukwaa linaiona.

Wapo wanaotaka twende mbali zaidi: mechi ya dakika 60, saa ikisimama kila mpira unapotoka. Mimi sioni haja ya kuivunja 90. Ningependa ishara moja itiwe kwenye Sheria ya 5: mwamuzi akiinua mkono, ubao wa matokeo uache kuhesabu, akiushusha, uendelee. Na mwamuzi wa akiba, aliyekaa kivulini akiwa na saa yake, apewe mamlaka ya kusema "bado" na neno lake lizuie kipyenga.