Uyoga, mvua na maradhi ya kupe barani Ulaya

Katika misitu ya Ulaya ya Kati na Mashariki, kila mwaka kupe huwaambukiza watu virusi vinavyosababisha uvimbe wa ubongo. Wengi hupona, lakini baadhi hubakia na ulemavu wa kudumu, na wengine hufariki dunia. Chanjo ipo, ila dawa ya kuviangamiza virusi vyenyewe haijapatikana.

Kwa nini basi idadi ya wagonjwa hupanda ghafla mwaka mmoja na kushuka mwaka unaofuata?

Jibu la kwanza hutafutwa katika hali ya hewa. Kupe huhitaji unyevu. Jua kali huwakausha, nao hujificha chini ya majani yaliyoanguka. Majira ya baridi yakimalizika mapema, nao huanza mapema kupanda juu ya nyasi na kumvizia mnyama au mtu anayepita.

Hata hivyo, mwaka 2006 ulitoa funzo jingine. Wagonjwa waliongezeka sana Uswisi, Ujerumani, Slovenia na Jamhuri ya Czech, ambako walipindukia 1,000. Utafiti ulioongozwa na Sarah Randolph wa Chuo Kikuu cha Oxford, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa ongezeko hilo halikulingana na wingi wa kupe. Hali ya hewa ya mwaka ule iliwavuta watu misituni, kutembea na kuchuma uyoga.

Mfano wa nchi za Baltiki ni mzito zaidi. Baada ya Muungano wa Kisovieti kusambaratika mwaka 1991, ugonjwa huo ulienea kwa kasi Estonia, Latvia na Lithuania. Joto lilikuwa limepanda kwa kiwango kinachokaribiana sehemu zote, lakini wagonjwa hawakuongezeka kwa kiwango kimoja. Tofauti hiyo ilitokana pia na maisha ya watu: waliopoteza ajira waliingia misituni kutafuta uyoga na matunda ya porini, ili wale na wauze.

Wataalamu huwashauri waendao msituni wavae nguo ndefu na kuikagua miili yao wanaporejea. Lakini virusi hivi huweza kuingia mwilini mara tu kupe anapoanza kunyonya damu. Kwa yule ambaye msitu ndio ghala lake, kuambiwa akae mbali nao hakumsaidii. Kinga yake ya kweli ni chanjo, iwapo ataweza kuimudu.