Sura ya Saba: Umri wa Figo na Umri wa Mtu

Mtu akiambiwa kwamba figo zake zimejaa vifuko vya maji, na kwamba maradhi hayo ameyarithi kwa baba au mama, hashughuliki sana na jina la maradhi; huuliza ni lini figo zitamshinda. Swali hilo ni la haki kabisa, kwani aliyebakiwa na miaka kumi huipanga nyumba yake na masomo ya wanawe kwa namna isiyolingana na ya mwenye arobaini. Jawabu lake si ramli. Ni hisabati yenye dosari, ambayo hata hivyo yafaa kujulikana.

Kila mtoto wa mgonjwa ana nusu ya bahati ya kuyarithi maradhi haya, lakini wanaoyarithi hawaendi kwa mwendo mmoja. Jeni iitwayo PKD1, iliyotambuliwa mwaka 1994 katika kromosomu ya 16, ndiyo kali zaidi. PKD2, iliyotambuliwa mwaka 1996 katika kromosomu ya 4, ni ya upole. Matabibu wa Brittany, Ufaransa, walieleza mwaka 2013 kwamba wenye hitilafu inayoikata protini ya PKD1 kabla haijatimia, figo zao hushindwa wakiwa na miaka 55 kwa kadiri ya kati; hitilafu isiyoikata, 67; na PKD2, 79.

Kuna hadaa moja katika maradhi haya. Kipimo cha kreatinini katika damu huweza kubaki cha kawaida kwa miongo mizima huku vifuko vikikua, maana sehemu za figo zilizosalimika huubeba mzigo wa zilizoharibika. Ndiyo sababu ukubwa wa figo husema mapema yale ambayo damu bado inayaficha. Tuchukue figo yenye urefu wa sentimita 16, upana 7 na unene 7: tukizizidisha tarakimu hizi, kisha tukazidisha kwa 0.52, tunapata yapata mililita 410, yaani 820 kwa figo mbili, nazo zikigawanywa kwa kimo cha mita 1.70 ni kama 480 kwa kila mita. Kwa kanuni iliyotolewa na matabibu wa Mayo, Marekani, mwaka 2015, inayodhani kwamba kila mmoja ameanza na 150, mwenye figo hizo akiwa na miaka 25 basi zimekua karibu asilimia 4.8 kila mwaka, naye ni wa daraja D, la hatari kubwa. Akiwa na 50, zimekua asilimia 2.4 tu, naye ni wa daraja B, na huenda asiihitaji kamwe mashine ya kusafisha damu. Figo ni zile zile. Umri ndio unaozifasiri.

Kanuni hiyo ilijengwa juu ya picha za sumaku, na kipimo cha jeni ni ghali. Lakini tabibu wa Kabondo, hapa Kisangani, aliye na ekografi na kifaa cha presha, hakunyimwa ilimu yote. Figo inayozidi sentimita 16.5 kwa mtu asiyetimiza miaka 45 ni onyo la wazi. Presha iliyopanda kabla ya 35, na mkojo wa damu kabla ya umri huo huo, ni maonyo mengine.

Hazina kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni nasaba. Jamaa mmoja ambaye figo zilimshinda kabla ya miaka 55 huelekeza kwenye PKD1; na mgonjwa aliyepita 70 figo zake zikifanya kazi huelekeza kwenye PKD2. Ila mahali ambapo wengi hawakuifikia mashine, mauti yao yalipewa majina mengine: huyu alikufa kwa presha, yule alianguka ghafla akishika kichwa, mwingine alirogwa. Kuanguka kule pengine ni mshipa wa ubongo uliopasuka, jambo linalowapata baadhi ya wenye maradhi haya. Basi asitosheke tabibu na kijana aliye mbele yake. Amwombe aje na bibi yake, na kando ya urefu wa figo aandike, kwa subira, nani alivimba miguu, nani alikojoa damu, na kila mmoja alikuwa na umri gani alipofariki.