Geji ya Turbo Kwenye Lori la Volti 24

Pale Rongo, barabara ya Homa Bay inapoungana na ile ya Isebania kwenda Kisii, malori ya Isuzu FRR hupanda kutoka ziwani na mchanga, turbo zikipiga mluzi. Mpira wa hewa ukipasuka, dereva mzoefu husikia. Geji humwambia mapema zaidi: sindano iliyozoea psi 15 mlimani inaishia 9.

Geji nyingi madukani, hata hivyo, zimeundiwa magari ya petroli. Nusu ya uso wake hupima hewa inayofyonzwa, na kwenye dizeli nusu hiyo ni pambo tu. Zipo pia zinazohesabu sifuri kwa hewa ya pwani. Ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kwa hiyo geji ya aina hiyo itaonyesha karibu psi 2 chini ya sifuri injini ikiwa imezimwa. Usiirudishe dukani.

Kasheshe yenyewe ni umeme. FRR ina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa zitoe 24; geji inataka 12. Njia ya mkato ni kuvuta waya kutoka betri moja. Geji itawaka vizuri. Inakula kidogo, lakini njia ikishafunguliwa, redio na chaja ya simu hufuata. Betri hiyo haijai tena, mwenzake anachajiwa kupita kiasi, na lawama zinamwangukia aliyeuza betri.

Nunua konvata ya kushusha 24 hadi 12, uilishe kwa waya unaopata moto swichi ikiwashwa, na uweke fyuzi ndogo karibu na unapochukulia umeme. Geji za sensa huwa na waya wa swichi, wa taa za usiku na wa arthi. Nyingine huongeza wa moto wa kudumu. Usiamini rangi, pima kwa mita. Arthi ifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, la sivyo sindano itarukaruka kila indiketa ikiwaka.

Na kichwa cha FRR huinuliwa. Pitisha waya pamoja na zile za kiwandani kwenye bawaba, ukiuachia ulegevu, maana uliokazwa hukatika mara ya kwanza fundi anapokiinua.