Programu ya kompyuta: imeuzwa au imekodishwa?

 

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunazungumzia muamala ambao vitabu tulivyosomeshwa chuoni havikuutaja kwa jina, lakini hukumu zake zimo humo humo. Nao ni biashara ya programu za kompyuta na simu, na hasa wale vijana wanaozitengeneza peke yao bila ya kampuni nyuma yao. Je, wauze mara moja na mnunuzi aende zake, au watoze malipo ya kila mwezi?

Sikulianza suala hili mimi. Mwaka 2022, baada ya Sala ya Alasiri, walinijia watu wawili wakigombana. Mmoja ni mfanyabiashara wa vipuri vya magari hapa Mombasa, mtu wa makamo. Wa pili ni kijana mtengenezaji wa programu, mtoto wa jirani yake. Mwaka 2019 yule mfanyabiashara alinunua kwa kijana programu ya kuweka hesabu za duka: bidhaa zilizoingia, zilizotoka, na madeni ya wateja. Alilipa shilingi 30,000 taslimu, na maneno yaliyopita baina yao yalikuwa ni "nimekuuzia" na "nimenunua". Hapakuwa na karatasi. Miaka mitatu baadaye kijana akaleta toleo jipya na kutangaza kwamba tangu hapo kila mteja atalipa shilingi 1,500 kwa mwezi. Mfanyabiashara akakataa. Asubuhi moja akafungua kompyuta yake, akakuta programu haifunguki mpaka alipe, na ndani yake yamo madeni ya watu ya miaka mitatu.

"Sheikh, huyu mtoto ameniuzia nyumba kisha amebadilisha kufuli," akasema.

Kijana akajibu kwa adabu, lakini kwa uchungu: "Ami, nyumba niliyokuuzia ilikuwa na paa zima. Sasa wataka nije kuziba kila tundu mpaka siku ya Kiyama."

Nilimtaka kijana aeleze kwanza, kwa sababu wengi wetu hatujui kazi yake ilivyo. Akasema ana wateja 40, na kila mmoja amelipa mara moja tu. Ndugu msomaji, piga hesabu: ni shilingi 1,200,000 kwa miaka mitatu, sawa na shilingi 33,000 na kitu kwa mwezi, kabla ya umeme, intaneti na nauli. Na kazi haikwisha siku ya kuuza. Mwezi Aprili 2020 Serikali ya Kenya iliteremsha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14, na mwezi Januari 2021 ikairudisha 16. Mara mbili kijana akabadilisha programu, mara mbili akazunguka kwa wateja wake, na hakuna aliyempa hata nauli. Wanunuzi wapya wanapungua kila mwaka, kwa kuwa maduka ya mtaa yana idadi yake. Wanunuzi wa zamani, hao simu zao hazipungui.

Mas'ala haya si ya Mombasa peke yake. Zamani programu iliuzwa ndani ya sanduku kama kitabu, na toleo jipya likitoka mwenye kulitaka alilinunua. Mwezi Mei 2013 kampuni kubwa ya Adobe ya Marekani ilitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake za picha na uchapaji yatapatikana kwa malipo ya vipindi tu. Watengenezaji wadogo nao walikuwa na dhiki yao. Duka la programu la Apple lilifunguliwa mwaka 2008, likichukua asilimia 30 ya mauzo, na halikuwa na njia ya kumuuzia mteja wa zamani toleo jipya kwa bei nafuu. Basi mtengenezaji akawa na mawili: atoe kazi mpya bure, au amuuzie mteja wake kama mgeni. Mwaka 2016 Apple ikaruhusu programu za kila aina kutoza malipo ya vipindi, na ikapunguza fungu lake kuwa asilimia 15 kwa mteja aliyetimiza mwaka. Wengi wakakimbilia huko.

Sasa turudi kwenye fiqhi. Bei na ijara ni akdi mbili, na zote ni halali. Katika bei, kitu chenyewe huhamia kwa mnunuzi, naye hukimiliki daima. Katika ijara kitu hubakia kwa mwenyewe, na anayekodi hununua manufaa yake kwa muda unaojulikana na ujira unaojulikana. Wako wanaosema kwamba programu haishikiki, kwa hiyo haiuziki, na wengine hujengea juu ya hoja hiyo uhalali wa kuziiba. Hao wamekwisha jibiwa. Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, iliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zenye thamani ya mali, zinalindwa na sheria, na haijuzu kuzidhulumu. (Nimeona watu wakilalamikia bei ya programu ilhali wanayoitumia ni ya kunakili bila ya idhini ya mwenyewe. Huyo hana bei wala ijara ya kulalamikia.)

Aliyenunua programu, basi, amemiliki nakala yake, kama anunuaye kitabu anavyomiliki nakala bila ya kumiliki utunzi. Anayo haki ya kuitumia ilivyokuwa siku ya kununua, mpaka kompyuta iharibike. Kumfungia ni kumnyang'anya alichouziwa, na kumwita baadaye "mpangaji" hakubadilishi akdi iliyopita. Hili lilitokea pia kwa wakubwa. Mwezi Novemba 2021 wenye programu ya kuandikia ya Notability waliigeuza kuwa ya malipo ya vipindi, na wakatangaza kwamba waliokwisha inunua wataitumia kikamilifu kwa mwaka mmoja tu. Wanunuzi wakapiga kelele, na baada ya siku chache tu wenye programu wakarudi nyuma na kuwaachia wanunuzi wa zamani walichokilipia.

Lakini mnunuzi naye ana mpaka wake. Ikiwa programu inajumlisha vibaya, hiyo ni aibu iliyokuwamo siku ya bei, na muuzaji ana dhima ya kuitengeneza bila ya malipo. Kodi ikibadilishwa na Serikali, hiyo si aibu ya programu bali ni jambo lililozuka, na kulifanyia kazi ni kazi mpya yenye ujira wake. Mtu hawezi kununua kitu kwa shilingi 30,000 akadai ndani yake utumishi usio na kiasi wala mwisho. Hiyo ni gharari, na sheria inaikataza hata kama hakuna aliyekusudia ubaya. Na Mtume (SAW) alituhimiza tumlipe mfanyakazi ujira wake mapema, kabla hata jasho lake halijakauka. Anayeandika programu usiku kucha naye anatoka jasho, ingawa halionekani.

Kwa maoni yangu, kwa watengenezaji wadogo iko njia iliyo karibu zaidi na uadilifu. Mwezi Septemba 2015 kampuni ya JetBrains, iliyoanzia Prague, ilitangaza malipo ya vipindi, wateja wakalalamika, nayo ikarekebisha: aliyelipa miezi 12 mfululizo anabakiwa na haki ya kulitumia toleo lake daima, hata akiacha kulipa. Programu ya uchoraji ya Sketch iliingia njia ya jamaa yake mwaka 2016: unalipa, unapata matoleo mapya ya mwaka mzima, na la mwisho ulilolipata ni lako. Hapo bei imejulikana kuwa ni bei, na kazi ya mwaka imejulikana kuwa ni kazi ya mwaka.

Zipo programu ambazo ijara ndiyo ukweli wake, kama zile zinazohifadhi picha au kumbukumbu za mtu katika kompyuta za mbali, kwani mwenye nazo hulipia gharama kila mwezi. Lakini programu inayohesabu nyakati za sala ndani ya simu yenyewe, na jua halijabadilisha mwendo wake? Wakiridhiana, ni halali. Mimi ningeona haya kuitoza kila mwezi.

Na hapa nawageukia wazazi. Ziko programu za simu zinazotolewa "bure kwa siku saba", kisha hukata pesa zenyewe ikiwa mtu hakukumbuka kuzisitisha. Msingi wa biashara katika Qur'ani ni kuridhiana, na aliyesahau hajaridhia kwa ukamilifu. Muuzaji mwenye khofu ya Mungu hukumbusha kabla ya kukata, na hufanya mlango wa kutoka uwe mpana kama wa kuingia. Kwa upande wenu, kagueni simu za watoto, mtazame katika mipangilio ya duka la programu ni malipo gani yanayoendelea.

Lililonishughulisha zaidi katika kesi ile halikuwa pesa. Lilikuwa yale madeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, imeteremshwa kuhusu kuandika madeni. Daftari lile lilikuwa na haki za watu: waliolipa nusu, waliomaliza, na aliyekufa ambaye warithi wake wangetaka kujua. Programu ni kazi ya kijana, ama maandishi yaliyomo ni amana. Hata ingekuwa ni ijara tangu mwanzo na muda umekwisha, mwenye nyumba humtoa mpangaji, hazuii vyombo vyake.

Kijana alinyamaza, kisha akasema hilo hakulifikiria. Aliifungua programu usiku ule ule kwa kutumia simu yake, tukiwa bado barazani. Tukaandikiana: toleo la 2019, pamoja na mabadiliko yaliyokwisha tiwa, ni mali ya mfanyabiashara. Akitaka jipya, atalipa 1,500 kwa mwezi, ataacha apendapo, na akiacha atapewa hesabu zake zote katika faili linalosomeka bila ya programu ile. Kwa safari mbili za mambo ya kodi kijana hakuwa na dai, kwa kuwa alizifanya kwa hiari bila ya makubaliano. Mfanyabiashara alitoa shilingi 3,000 mfukoni akamtia mkononi, akisema ni nauli.

Toleo jipya hakulichukua. Alisema ataendelea na la zamani mpaka Serikali iguse kodi tena.